Jengo Linalomsikiliza Aliyemo: Namna ya Kupanga Udhibiti wa Joto na Hewa Unaomfuata Kila Mtu

Ofisi moja, watu wawili, meza zinatazamana. Mmoja kajifunika sweta, mikono kaificha mapajani. Mwenzake kakunja mikono ya shati na anajipepea kwa karatasi. Themostati ya ukutani inasoma nyuzi 23. Wote wawili wanasema kweli. Kosa liko kwa aliyedhani kwamba namba moja ukutani itawatosha wote.

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa jengo, fundi wa viyoyozi, au yeyote aliyekabidhiwa kazi ya kulifanya jengo liwajue watu wake. Sitaanza na programu zinazojifunza. Hizo zinakuja karibu na mwisho, na anayezitanguliza huishia kuifundisha mashine makosa ya jengo lake. Kwanza rekebisha jengo, kisha sikiliza watu, kisha mpe kila mmoja kitu cha kujiamulia mwenyewe. Ndipo mashine ipewe kazi.

Kabla ya kushika bisibisi

Inafaa ujue mwili unahisi nini. Mhandisi wa Denmark, Povl Ole Fanger, alichapisha mwaka 1970 hesabu ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kiwango cha kimataifa cha ISO 7730. Alionyesha kwamba raha ya mtu chumbani inategemea mambo sita. Manne ni ya chumba: joto la hewa, joto linalotoka au kufyonzwa na kuta, dari na vioo, kasi ya hewa, na unyevunyevu. Mawili ni ya mtu mwenyewe: nguo alizovaa na kazi anayoifanya mwili wake. Themostati ya kawaida hupima jambo moja tu kati ya hayo sita. Ndiyo maana mtu aliyekaa kando ya kioo kikubwa kilichopigwa na jua anaungua huku themostati ikisema mambo ni shwari.

Hesabu ya Fanger inasema jambo jingine ambalo wasimamizi wengi hulisahau: hata chumba kikipangwa vizuri kabisa, asilimia 5 ya watu bado hawataridhika. Kiwango cha Marekani, ASHRAE 55, kilichotolewa na chama cha wahandisi wa joto na hewa cha huko, kinalenga kuwaridhisha angalau asilimia 80. Yaani chumba chenye watu ishirini kinaweza kuwa na wanne wanaoteseka, na bado kikahesabiwa kimefaulu. Kazi yetu ni hao wanne.

Na usidhani wanadeka. Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi, Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt, walionyesha katika jarida la Nature Climate Change kwamba kiasi cha joto ambalo mwili huzalisha, kinachotumika katika hesabu hizi, kilitokana na mwanamume wa wastani, na kwamba kwa wanawake kinaweza kuzidi ukweli kwa hadi asilimia 35. Mwanamke anayelalamika baridi kila siku ana hoja ya kisayansi mkononi.

Hatua ya 1: Rekebisha jengo kwanza

Hapa ndipo nakuomba utumie muda mwingi kuliko unavyotaka. Malalamiko mengi hayahitaji akili ya mashine. Yanahitaji mtu mwenye kipimajoto, ngazi na subira.

Anza na kila themostati. Je, iko kwenye ukuta wa nje unaopata jua la alasiri? Imefichwa nyuma ya kabati? Iko juu ya printa, au karibu na runinga? Ifungue, utazame tundu ambalo waya unapitia. Mara nyingi tundu hilo halikuzibwa, na hewa ya ndani ya ukuta inapuliza moja kwa moja kwenye kihisi. Kifaa kinapima ukuta, hakipimi chumba. Kuliziba ni kazi ya dakika tano.

Kisha keti kwenye kiti cha mtu, usisimame. Pima joto kwenye kimo cha kichwa cha aliyeketi, yaani mita 1.1 kutoka sakafuni, halafu pima kwenye vifundo vya miguu, mita 0.1. Tofauti ikizidi nyuzi 3 hivi, miguu itaganda huku kichwa kikipata joto, na kubadilisha joto la chumba hakutasaidia. Tatizo liko kwenye jinsi hewa inavyochanganyika.

Katika majengo yenye visanduku vya hewa darini, vile vyenye kilango kinachofunguka na kujifunga, angalia kiasi cha chini cha hewa kilichowekwa. Kikiwa kikubwa mno, kisanduku kitaendelea kumwaga hewa baridi hata joto lengwa likipandishwa, na aliye chini yake atavaa koti mwaka mzima. Tazama pia pengo kati ya joto la kuanza kupoza na joto la kuanza kupasha. Kiwango cha nishati cha ASHRAE 90.1 kinataka pengo la nyuzi 3 hivi. Likiwa dogo, utakuta upande mmoja wa ukumbi unapashwa na mwingine unapozwa, mashine mbili zikipigana ndani ya chumba kimoja na wewe ukilipa umeme wa zote mbili.

Hatua ya 2: Chora ramani ya nani anaathiriwa na nini

Chukua mchoro wa sakafu na utembee nao. Weka alama kila sehemu inayotawaliwa na kidhibiti kimoja. Utashangaa: mara nyingi vyumba vitatu vinafuata themostati iliyo kwenye kimoja tu, na mwenye chumba hicho akifunga mlango, wengine wawili wanaishi kwa kufuata mwili wake. Andika kwa kila meza vitu gani mtu anaweza kuvibadilisha peke yake, vipi vinagusa kundi, na vipi ni vya jengo zima. Ramani hii ndiyo itakayokuambia baadaye wapi ahadi ya "kila mtu na joto lake" inawezekana na wapi itakuwa uongo.

Hatua ya 3: Uliza, lakini uliza vizuri

Kusikiliza aliye chumbani si jambo jipya. Mwaka 1883 mwalimu Warren Johnson, huko Wisconsin nchini Marekani, alipata hataza ya kifaa cha umeme kilichompa taarifa mtunza tanuri kwamba darasa limepoa au limepata joto mno, ili asiwe anaingia kukatiza somo. Udhibiti wa joto wa majengo ulianza kama ujumbe kutoka chumbani kwenda kwa anayekoka moto. Baadaye tuliacha ujumbe tukabakiza namba.

Swali zuri ni moja na fupi: "Sasa hivi ungependa pawe baridi zaidi, pabaki hivi hivi, au pawe na joto zaidi?" Usiulize tu "Unahisi joto au baridi?" Kuna mtu anayehisi joto kidogo na analipenda hivyo. Ukimpoza kwa sababu ya jibu lake, umemwadhibu kwa kusema kweli.

Weka swali hilo kwenye simu au kwenye kibandiko cha msimbo wa QR mezani. Jibu lihifadhi saa, mahali, na vipimo vya vihisi vya wakati huo. Usimwulize mtu aliyeingia sasa hivi kutoka nje; mwili wake bado una joto la kutembea, na jibu lake linahusu njia aliyopita zaidi ya chumba alichoingia. Ngoja kama nusu saa. Usimsumbue zaidi ya mara mbili au tatu kwa siku, la sivyo ataanza kubonyeza chochote ili umwache. Wiki mbili au tatu zinatosha kuanza kuona sura ya tatizo.

Ukimya usiuhesabu kuwa kuridhika. Wengi wamenyamaza kwa sababu walishalalamika zamani na hakuna kilichotokea.

Hatua ya 4: Mpe mtu kitu cha karibu na mwili wake

Hii ndiyo hatua inayoleta nafuu kubwa kwa gharama ndogo, na ndiyo inayorukwa zaidi kwa kuwa haionekani ya kisasa. Badala ya kubadilisha hewa ya ukumbi mzima kwa ajili ya mtu mmoja, badilisha hewa ya nusu mita inayomzunguka.

Feni ndogo ya meza inayosukuma hewa kwa takriban mita 0.8 kwa sekunde humfanya mtu ajisikie kana kwamba chumba kimepoa kwa karibu nyuzi 3. Kiti chenye vipashajoto na feni ndogo ndani ya mgongo na kalio hufanya kazi pande zote mbili, joto na baridi, kwa wati chache tu kwa sababu kinagusa mwili wenyewe. Kwa miguu inayoganda, bamba la kupasha kwa mionzi chini ya meza linatosha.

Hita ya feni inayobebwa, ile ya wati 1,500, ipige marufuku, na ueleze kwa nini. Kwanza inaelemea waya na inaweza kuwasha moto. Pili, ikiwekwa karibu na themostati, themostati inadhani chumba kizima kina joto na inaongeza upoaji. Majirani wanaganda, nao wanaleta hita zao. Lakini usiichukue hita kabla hujampa mwenyewe kitu mbadala. Aliileta kwa sababu alikuwa na baridi.

Watu wakishakuwa na vifaa vyao, unaweza kulegeza joto la jumla. Utafiti wa Tyler Hoyt, Edward Arens na Hui Zhang, uliotumia modeli za kompyuta za ofisi, ulionyesha kwamba kupandisha joto la kuanza kupoza kutoka nyuzi 22.2 hadi 25 kunaokoa kwa wastani asilimia 29 ya nishati ya kupoza. Panda polepole, nusu nyuzi kwa wiki, huku ukitazama majibu ya hatua ya 3. Ukiruka ghafla, watu wataikumbuka siku hiyo, na kila malalamiko ya baadaye yatarudishwa kwako.

Hatua ya 5: Unganisha programu na mitambo bila kuivuruga

Vidhibiti vya majengo vina lugha zao. Modbus ipo tangu 1979, BACnet imekuwa kiwango cha ASHRAE tangu 1995, na KNX imeenea sana kwenye taa na mapazia. Kama jengo lako linatumia BACnet, kuna jambo moja lazima ulielewe kabla programu yako, ile itakayogeuza majibu ya watu kuwa amri kwa mitambo, haijaandika hata namba moja.

Kila amri ya BACnet huingia na daraja la kipaumbele, kuanzia 1 hadi 16, na namba ndogo ndiyo yenye nguvu. Daraja la 8 ni la mkono wa mwendeshaji. Programu yako ya raha iandike kwenye daraja lenye nguvu ndogo kuliko hilo, mathalani la 12, ili fundi akiweka mkono wake, wa fundi ushinde. La muhimu zaidi: programu ikimaliza, iachie amri yake. Amri isiyoachiwa hubaki pale miezi na miezi. Nimeona chumba kilichoendelea kupozwa usiku kucha, kila usiku, kwa sababu mtu aliandika namba kwa majaribio akasahau kuifuta. Kila amri iwe na muda wa kuisha.

Kisha weka mipaka ambayo programu haiwezi kuivuka hata ikiombwa na watu wote:

- joto lengwa lisishuke chini wala kupanda juu ya kiwango ulichokubaliana na wenye jengo;
- badiliko moja lisizidi nusu nyuzi, na lisifuatwe na jingine kabla ya dakika 20 au 30, maana chumba kinachukua muda kujibu na mtu asiyeona matokeo hubonyeza tena na tena;
- hewa safi isipunguzwe kamwe kwa ajili ya kumridhisha mtu; tazama kaboni dioksidi, ambayo nje ni karibu sehemu 420 kwa milioni, na ndani ikipanda sana ni dalili kwamba hewa haibadilishwi;
- penye mabomba au dari za kupozea, joto la uso wake libaki juu ya kiwango ambacho mvuke wa hewa hugeuka maji, vinginevyo dari itadondosha matone.

Usalama wa mtandao nao si hiari. BACnet ya kawaida haimuulizi anayetoa amri kama ana ruhusa. Mlango wake wa mtandao, namba 47808, usiwe wazi kwenye intaneti. Vidhibiti vikae kwenye mtandao wao, mbali na kompyuta za wageni.

Hatua ya 6: Wengi kwenye kidhibiti kimoja

Tuseme watu watano wanashiriki sehemu moja, na joto wanalolitaka ni 22, 23, 23.5, 24 na 28. Wastani ni 24.1. Jibu la katikati ni 23.5. Sasa yule wa mwisho akigundua kwamba akisema 35 anapata zaidi, wastani unapanda hadi 25.5, lakini jibu la katikati halitikisiki. Tumia jibu la katikati. Linawalinda wanaosema ukweli dhidi ya anayetia chumvi.

Lakini jibu la katikati lina dhambi yake: linaweza kumwacha mtu yule yule nje kila siku. Kwa hiyo weka hesabu ya pili: nani hajaridhika mara nyingi mfululizo? Huyo umtembelee kwa miguu yako. Pengine yuko chini ya tundu la hewa. Pengine yuko kando ya kioo, na dawa yake ni pazia. Pengine meza yake ihamishwe mita mbili tu, kwa kuwa ukumbi mmoja huwa na sehemu za joto na za baridi, na watu wakipangwa kwa kufuata wanachokipenda, nusu ya kazi imekwisha bila kifaa chochote.

Hatua ya 7: Sasa mashine ijifunze

Mwaka 2018 Joyce Kim, Stefano Schiavon na Gail Brager wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliweka wazi dhana ya modeli ya raha ya mtu mmoja mmoja: badala ya kukisia kundi zima, unajenga makisio ya kila mtu kutokana na majibu yake mwenyewe.

Anza na kitu chepesi. Hesabu ya takwimu inayotumia joto la ndani, joto la nje, saa ya siku na jibu la mtu inatosha kabisa mwanzoni. Mtu mgeni apewe makisio ya kundi, na kadiri majibu yake yanavyoongezeka, makisio yaegemee upande wake. Usikimbilie mitandao mikubwa ya neva, yaani programu zinazohitaji data nyingi sana ili zijifunze. Data za mtu mmoja ni chache mno.

Kuna majibu ambayo mtu hutoa bila kuulizwa. Kila anapowasha feni yake au kiti chake, ametamka. Vifaa vya hatua ya 4 vikiunganishwa, swichi yenyewe inakuwa kura, na unaweza kupunguza maswali ya simu hadi karibu kuyaondoa. Mimi hupenda njia hii kuliko zote, kwa sababu mtu anapata nafuu papo hapo na mashine inajifunza kutokana na nafuu hiyo.

Modeli isikae bila kufunzwa upya. Miili huzoea majira. Richard de Dear na Gail Brager walionyesha mwaka 1998 kwamba katika majengo yanayopata hewa kwa madirisha, joto wanalolikubali watu hupanda pamoja na joto la nje. ASHRAE 55 inalieleza hivi: zidisha wastani wa joto la nje la siku za karibuni kwa 0.31, kisha ongeza 17.8. Nje pakiwa na wastani wa nyuzi 28, watu wenye uwezo wa kufungua dirisha wataona raha kwenye nyuzi 26.5 hivi. Usitumie kanuni hii kwa jengo lililofungwa kabisa lenye viyoyozi. Haikutokana na watu wa huko.

Taa na mapazia yanafuata mantiki ile ile, kwa hiyo nitapita haraka. Acha mtu aongeze au apunguze mwanga wa meza yake. Mashine izime taa pasipo na mtu, lakini isimrudishie mtu mwanga aliouzima. Na pazia lisipande na kushuka kila wingu linapopita, maana hakuna anayeweza kufanya kazi chini ya dirisha lisilotulia.

Hatua ya 8: Linda siri ya mwili

Data za raha si data za joto tu. Zinaonyesha nani amekaa mezani na kwa muda gani. Badiliko la ghafla la anachokipenda mtu linaweza kufichua homa, ujauzito au kukoma kwa hedhi kabla hajamwambia yeyote. Kwa hiyo meneja asione majina; aone sehemu za jengo tu. Modeli ya mtu, ikiwezekana, ikae kwenye simu yake na itume nje matokeo pekee. Apewe uwezo wa kuifuta, na akikataa kushiriki asipoteze feni wala kiti. Andika kabisa, kwenye karatasi inayosainiwa na uongozi, kwamba data hizi hazitatumika kuhesabu mahudhurio. Siku moja zikitumika hivyo, hutapata tena jibu la kweli.

Hatua ya 9: Pima kama kweli imesaidia

Endesha mfumo mpya wiki moja, wa zamani wiki inayofuata, kwa miezi miwili hivi, bila kutangaza ni wiki ipi. Linganisha mambo matatu: idadi ya majibu ya "pabaki hivi hivi", malalamiko, na umeme wa mita ukiwa umezingatia hali ya hewa ya nje. Programu yako ikishindwa kuishinda namba moja isiyobadilika, irudishe mezani. Usiipambe.

Mtu anapobonyeza, ajibiwe mara moja: "Tumepokea, utaanza kuhisi tofauti baada ya dakika 20." Pasipowezekana, aambiwe haiwezekani na kwa nini. Zipo themostati zilizofungwa ukutani bila kuunganishwa na chochote, ili tu watu waone wana la kubonyeza. Ukizikuta kwenye jengo lako, ziunganishe au uzing'oe.

Mwisho, kabla hujakabidhi kazi, zima seva ya programu yako makusudi, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Zunguka kila sehemu. Amri zote ziwe zimejiachia, vidhibiti viwe vimerudi kwenye ratiba yao ya kawaida, na feni za mezani ziendelee kuzunguka kwa swichi za wenyewe. Sehemu yoyote iliyoganda kwenye namba ya mwisho uliyoiandikia, irudie hatua ya 5.